Miguu ya Nana Haigusi Ardhi

Nilimwonya. Asubuhi ile ya sherehe ya viazi vikuu nilimwambia mdogo wangu, chifu wetu, "Nana, acha hao samaki wa chumvi." Akanitazama kama vile mimi si dada yake, si mama malkia wa mji, wala sikuwahi kuwa muuguzi pale Kumasi. Akala, akalamba vidole, akaenda kuketi mbele ya watu.

Kuketi kwa chifu si mchezo. Anakaa tangu jua changa, miguu inaning'inia, hainuki wala hajinyooshi, vazi zito la kente limemfunika. Alasiri makubadhi yakaanza kumkaba. Naye, kwa ujanja wake, akayavua chini ya kente na kuweka nyayo juu ya makubadhi hayo.

Mara pembe zikalia. Chifu mkuu anakaribia, na lazima Nana asimame akampokee.

"Dada," akaninong'oneza, "hayaingii."

"Nini hayaingii?"

"Makubadhi."

Nikachungulia. Mungu wangu! Miguu imeumuka kama maandazi. Na kwetu Waasante, chifu akikanyaga ardhi peku, uchifu umemtoka palepale, hakuna kesi wala rufaa. Mbele yetu alikaa Mzee Akyampong, anayekitaka kigoda cha uchifu tangu mjomba wetu, chifu aliyetangulia, afariki. Macho yake yalikuwa kwenye pindo la kente tangu asubuhi, naye mwenyewe hajatikisika.

"Katuroga huyo!" akasema Dwomoh, msemaji wa chifu.

"Karoga nini, we Dwomoh? Hayo ni maji! Vimishipa vyembamba kuliko unywele, kuta zake zinavuja. Msukumo wa damu unatoa maji yaingie nyamani, protini za damu zinayavuta yarudi. Sasa mtu akining'iniza miguu kutwa, uzito wa damu unaelemea chini, msukumo unaushinda mvuto. Tena kajijaza chumvi! Mnyanyueni miguu."

"Tumlaze chali hadharani? Si watasema amekufa!"

"Basi leteni ile machela ya kumbebea chifu kwenye sherehe."

Machela ikasogezwa hadi ubavuni mwa kiti, tukamtelezesha ndani pamoja na makubadhi bila kente kufunuka. Nikarundika mito chini ya visigino mpaka miguu ikapita usawa wa moyo.

"Cheza!" nikamwambia. "Pindapinda nyayo, misuli iyasukume hayo maji."

Ngoma zikaanza. Mji ukapiga vigelegele, maana hawajapata kuona chifu akicheza miguu juu. Chifu mkuu alipofika akadhani ni heshima yake, akaketi kutazama kwa furaha. Wabebaji walizunguka uwanja jasho likiwachuruzika, na kila walipotaka kushusha niliwakodolea macho. Watu walicheka. Mimi sikucheka, niliomba Mungu. Yule ni mtoto niliyembeba mgongoni.

Jua lilipoanza kupoa nikajaribu kubadhi moja, nikisukuma kwa siri chini ya kente. Likaingia kwa taabu. La pili nalo likaingia. Machela ikashushwa.

Akyampong akaruka hadi katikati ya uwanja. "Enyi watu! Nana yuko peku! Nimemwona akivua! Afunue kente!"

Nana akafunua. Makubadhi yalikuwa miguuni, dhahabu inametameta.

Kisha mama mmoja akaangua kicheko, akinyoosha kidole. Akyampong alikuwa amekaa kutwa bila kujigeuza, akimchunga mwenzake. Viatu vilimkaba naye, akavivua. Sasa alikuwa amesimama peku mavumbini, miguu imevimba kuliko viazi tulivyokuja kuvisherehekea.

"Na huyu ndiye anayekitaka kigoda," akasema Dwomoh.

Viatu havikuingia tena. Akaenda zake navyo mkononi. Jioni nikamfuata kwake, maana muuguzi ni muuguzi, nikamlaza na kumwegemeza miguu ukutani.

Akaitazama miguu yake kule juu. "Nana hukaa vile kila sherehe?"

"Kila sherehe."

"Mpaka kufa?"

"Mpaka kufa, Mzee."

Akafumba macho. "Basi abaki na kigoda chake."