Tabasamu la Chiriku

Penye nia hapana njia. Ukibisha, kamuulize Chiriku, fundi wa kola katika karakana ya sare za shule, aliyekuwa na nia tele kichwani na mkono umelala juu ya kitambaa kama si wake.

Asubuhi alikuwa mzima, akishona na kuchekesha watu. Kila ilipogonga saa sita, kope la kushoto lilishuka kama pazia lililokatika kamba, ulimi ukawa mzito, sauti ikatokea puani, kisha ikapotea. Naye akabaki humo ndani, anasikia kila neno, ana jibu la kila neno, hana pa kulipitishia.

"Asubuhi chiriku, mchana kinyago," walimtania. "Uvivu unaojua kusoma saa."

Siku moja mchana wifi yake, dada wa mumewe na msimamizi wa karakana, alileta wateja. Chiriku akajitahidi kutabasamu. Pembe za midomo zikagoma. Mdomo wa juu tu ukapanda, meno yakatoka.

"Unanibetulia mdomo?" wifi aliuliza. "Mbele ya wageni wangu?"

Nimetabasamu, wifi, alitaka kusema. Kikatoka kikoromo.

"Sasa unanikoromea. Kesho saa nane utaniomba radhi mbele ya mafundi wote. La sivyo, acha mkasi mezani, uende zako."

Kesho yake asubuhi Chiriku alikwenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimwambia atazame dari bila kushusha macho. Dakika haikuisha, kope likaanguka. Daktari akajaza barafu kwenye glavu, akaiweka juu ya jicho, wakangoja. Alipoiondoa, kope lilikuwa limepanda.

"Neva hazigusani, mwanangu," alisema. "Neva na neva, hata neva na msuli, kati yake kuna mwanya usioonekana kwa macho. Ishara ikifika ukingoni, neva inamwaga kemikali. Hiyo inavuka mwanya na kugonga milango ya ng'ambo. Kwako, walinzi wa mwili wako wenyewe wameiziba milango mingi. Barafu imefanya kemikali isifutwe upesi, ikapata muda wa kugonga tena."

"Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Mvivu hapigi hodi. Wewe unapiga mpaka unachoka."

Akampa cheti cha ugonjwa, na vidonge. Kila kidonge kingemfungulia milango kwa muda wa saa tatu au nne, kisha ijifunge tena. Chiriku alikimeza cha kwanza saa saba juu ya alama.

Saa nane mafundi walijipanga kando ya vyerehani. Wifi alikunja mikono.

"Haya, mke wa kaka yangu. Tunakusikiliza."

Neno moja tu la radhi, na cherehani ingebaki yake. Chiriku aliijua saa itakayomfungia tena.

"Jana nilitabasamu," alisema, na sauti ikatoka nzima. "Lilitoka kwangu tabasamu, likafika usoni limevunjika. Ni ugonjwa, cheti hiki hapa. Miezi saba mnaniita mvivu, nami nilikuwa humu humu, nawasikia."

Mmoja alikohoa. Wifi alikitazama cheti, hakukigusa.

"Hadithi nzuri. Radhi yangu iko wapi?"

Chiriku akauweka mkasi mezani, kwa mkono uliomtii.

"Siombi, wifi."