Jina la Dume la Kapteni

Kila Jumanne asubuhi Nyaduoth alikwenda kuomba kitu kilekile, kwa mtu yuleyule, na akapewa jibu lilelile. Jumanne ya kumi na moja alikuwa amelizoea jibu hilo hata akalitoa yeye kabla ya mwenyewe.

"Mmelipokea na mtalifanyia kazi," alisema, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa.

Gatwech, mkalimani, mtu mzima mwenye mvi za mapema na woga wa miaka mingi, alimwinamia. "Mama, na hilo nalitafsiri?"

"Litafsiri. Na usilitie sukari."

Alilitia sukari. Tangu aanze kazi hiyo, Gatwech hakuwahi kupeleka neno la Nyaduoth upande wa pili bila kulitia sukari, ndiyo maana mpaka leo alikuwa na kazi.

Ng'ambo ya meza alikaa Kapteni, mkuu wa askari wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu, waliolinda kambi ya Thorjok. Alitoka nchi ya milima ya mbali sana. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Maradhi yake yalikuwa kanuni. Kanuni ilisema doria ipite barabarani, barabara yenyewe iwe kwenye ramani, na saa sita mchana kila gari liwe limerudi. Sasa niambie, nani amewahi kuokota kuni barabarani? Kuni zilikuwa kichakani, hatua kama mia tatu kutoka barabara ya mwisho kwenye ramani, na hukohuko walikaa wanaume wenye bunduki ambao nao walikuwa wanazijua kanuni za Kapteni kwa moyo.

Wanawake ndio waliokwenda. Mwanamume akikutwa kule aliuawa, mwanamke akikutwa alirudi. Kila nyumba ya Wanuer pale kambini ilikuwa imelikata shauri hilo kimyakimya, na kila nyumba ililionea aibu.

Nyaliep, binti yake Nyaduoth, alikuwa amerudi mara mbili. Mara ya kwanza walimnyang'anya shoka. Mara ya pili hakusema walichomnyang'anya. Huyu alikuwa msichana aliyetunga nyimbo za kuwakejeli wavulana ngomani mpaka wengine wakahama upande wa uwanja asiwaone, na sasa ulimi wake ulibaki na maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Keshokutwa, Alhamisi, ilikuwa zamu yake tena. Nyumbani hapakuwa na hata kijiti, na mjukuu alikuwa siku ya tatu anatafuna mtama ulioloweshwa. Nyaduoth angekwenda badala yake, lakini goti lake moja lilishakataa mizigo.

"Mwambie Kapteni anipe gari moja na askari kumi," alisema. "Kwa asubuhi moja tu. Wasipige mtu. Wasimame pale tunapokata kuni, waonekane."

Kapteni alisikiliza, akaandika, akasema kuwa ombi limepokelewa.

Nyaduoth alinyanyuka kwa hasira aende zake, na hapo ndipo alipoiona picha mezani. Ndani yake alisimama mnyama mweusi, mwenye pembe nzuri na manyoya yanayofagia ardhi, uso mweupe kama maziwa.

"Na huyu ni nini?"

"Anasema ni ng'ombe wa baba yake," Gatwech alijibu.

"Mbona kavaa blanketi?"

Safari hii Gatwech alisahau sukari. Kapteni alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kisha akaanza kumweleza mnyama yule, jinsi alivyomchunga tangu akiwa ndama, jinsi alivyokuwa akiitika jina lake, jinsi alivyokufa kwenye theluji, na alipofika hapo sauti ikamlegea. Nyaduoth alizaliwa na kukulia zizini. Sauti hiyo aliijua vizuri kabisa. Kumbe huyu naye ni mwana wa wafugaji, alijisemea, na tumepoteza Jumanne kumi na moja tukizungumza naye kwa makaratasi.

Alikaa tena kitini. "Gatwech, muulize hivi. Mwanamume mzima kama yeye, amefikaje umri huu bila jina la dume, lile ambalo kwetu kila mwanamume hupewa kutokana na dume lake?"

Jumatano asubuhi akaja na wanawake arobaini na ungo wa majivu ya samadi. Walimpaka Kapteni majivu kwenye paji la uso, wakalipaka gari lake jeupe la chuma puani, wakafunga kishada cha kamba juu ya antena, kama vile dume la heshima linavyofungwa kishada kwenye pembe. Kisha Nyaduoth akamvua ile kofia ya buluu na kumtemea mate utosini. Askari wawili wakashika bunduki, na Gatwech akatafsiri haraka kuliko siku zote kuwa hiyo ni baraka, tena ya daraja la juu.

"Kuanzia leo unaitwa Luthkwe," Nyaduoth akatangaza. "Dume mwenye kengele na uso mweupe."

Wanawake wakaliimba jina hilo huku wakiruka, na Kapteni akaruka nao, vibaya sana. Akapigwa picha. Akauliza linavyoandikwa, akalichora kwa kalamu nene kwenye fulana yake ya kuzuia risasi. Maskini, alidhani amepewa nishani. Hakuuliza jina lenyewe linadai nini, na Gatwech, aliyejua, alipofungua mdomo alikutana na jicho la Nyaduoth akaufunga.

Kwa furaha ya jina jipya, Kapteni alikubali kuwasindikiza wanawake Alhamisi hadi barabara inapoishia. Barabara tu, alisisitiza. Nyaduoth akasema barabara inatosha.

Basi Alhamisi gari jeupe likasimama kwenye mpaka wa ramani. Wanawake wakaingia kichakani na mashoka, Nyaliep mbele yao wote. Alikuwa ameamua kumaliza mapema au kumaliza kabisa, mama yake hakujua lipi. Nyaduoth alibaki karibu na gari kwa sababu ya goti, akihesabu migongo yao.

Saa tano na nusu redio ikakoroma. Kapteni akatazama saa, akaingiza mguu mmoja garini.

"Anasema muda umekwisha," Gatwech akanong'ona. "Anasema muwaite, turudi sote."

Kule kichakani wanaume wanne wakainuka kwenye majani, bunduki begani, bila haraka yoyote. Nao walikuwa na saa. Nyaliep alikuwa karibu nao kuliko wenzake wote, na alikuwa amesimama tu, kuni mikononi, hakimbii.

Nyaduoth akavuta pumzi.

"Luthkwe!"

Wanawake wote kichakani wakalidaka jina hilo, likarudi barabarani kutoka midomo arobaini.

Kapteni akageuka. Mguu mmoja ulikuwa bado garini. "Wanataka nini?"

Nyaduoth alimmiminia Gatwech maneno ya haraka kwa lugha yao. Gatwech alimtazama, akawatazama wale wanne, na kwa mara ya kwanza maishani akatafsiri kila kitu. "Wanakuita kwa jina la dume lako. Mwanamume akiitwa hivyo na wanawake haendi nyuma. Unaenda mbele, au unabaki bila jina. Na ukigeuza gari upo wimbo wa pili, si mzuri. Utaimbwa hata watoto wako wakiwa wazee."

"Wameshautunga?"

"Mama anasema umekamilika."

Kapteni alitazama barabara. Alitazama kishada kwenye antena. Kisha akautoa mguu garini na kuingia kichakani kwa miguu, nje ya ramani, askari wake kumi wakimfuata bila kuelewa. Akatembea mpaka akasimama kati ya Nyaliep na bunduki nne, akatulia hapo. Hakuna aliyefyatua risasi. Wale wanne walikuwa wamezoea kofia za buluu zinazogeuza, hizi za kusimama hawakujua wazifanyeje. Wakanong'onezana kidogo, wakarudi walikotoka.

Kuni zilikatwa mpaka saa tisa. Redio ilikoroma muda wote, na Kapteni alipoambiwa aeleze sababu ya kuacha barabara alifikiri sana, kisha akajibu neno moja. "Ng'ombe."

Njiani kurudi akamwita Gatwech. Alitaka kuusikia wimbo wa pili, hivyo tu, kwa kuujua.

Nyaduoth akatazama pembeni. Hapakuwa na wimbo wa pili. Alikuwa ameutoa hewani pale pale, na sasa aliitafuta hata sentensi ya kwanza asiipate.

Nyuma yake, chini ya mzigo mkubwa wa kuni, sauti iliyokauka kwa kukaa bila kazi ikaanza kuimba. Iliimba juu ya dume aliyevaa blanketi kwenye jua la Thorjok, anayeomba ruhusa kwa maandishi kabla ya kula majani, na saa sita kamili anarudi zizini akanywe chai. Wanawake wakacheka mpaka mizigo ikawaanguka kutoka vichwani. Nyaduoth hakucheka. Alisimama katikati ya barabara, machozi yanamtoka, amsikilize Nyaliep mpaka amalize.

Kapteni alipiga makofi. "Huu ndio mbaya? Unasema nini?"

"Unakusifu, bwana," Gatwech alisema, akarudisha sukari yote mahali pake. "Na binti anauliza Alhamisi ijayo mnaondoka saa ngapi."