Weusi wa Kasian

Mwaka wa pili tangu wahamie kijiji cha ujamaa, Kasian alianza kuwa mweusi. Hakuwa mweupe hapo kwanza, lakini sasa mistari ya viganja vyake ilionekana kama imepakwa masizi. Alikonda. Kwenye shamba la kijiji alipiga jembe kidogo tu, akakaa chini. Nyumbani alilamba chumvi mpaka mkewe, Bibiana, akaificha.

Watu hawakuhangaika. Mgonjwa hupauka, walisema, haungui. Basi ana shamba lake bondeni, analilima kwa siri juani, kisha anakuja kwenye kazi ya wote kupumzika.

Mathias, mwenyekiti wa kijiji, akaitisha mkutano. Adhabu ilijulikana: mtegaji wa kazi anafukuzwa, nyumba anapewa mwingine.

"Ndugu Kasian, jua hilo limekuchomea wapi? Shambani kwetu hatukuoni."

"Naumwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Mgonjwa mweusi kama chungu cha pombe!" akadakia Domina, jirani wa Kasian. Watu wakacheka.

Kasian akainuka ghafla amjibu. Dunia ikamzunguka, akaanguka chali.

"Maigizo hayo," mtu akasema.

Bibiana akapiga magoti, akamfungua mdomo ampe maji. Akasita.

"Mwenyekiti, hebu njoo uone."

Mathias akainama. Fizi zilikuwa na mabaka meusi, na ndani ya mashavu vivyo hivyo.

"Huku nako jua limefika?" Bibiana akauliza. "Alilima ameachama?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakambeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali Kilosa.

Daktari aliuliza kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Aliwahi, enzi za kukata mkonge. Ugonjwa ule, daktari akasema, ulishuka ukala tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Zikifa, mwili unapoteza chumvi na nguvu, na ngozi inakolea. Atameza vidonge maisha yake yote, akiviacha, atakufa. Chumvi asinyimwe.

Aliporudi, Mathias alimfuata nyumbani.

"Ungetuambia, ndugu yangu."

"Niliwaambia."

Mathias akatazama chini. "Nyumba ni yako. Utalinda mahindi, nyani wamezidi."

"Na vidonge vikiisha?"

"Trekta la kijiji litakupeleka Kilosa."

"Hilo bovu?"

"Litatengenezwa."

Kasian hakumwamini. Kesho yake alimtuma Bibiana akamwombe kaka yake mwenye baiskeli awe anamfuatia vidonge Kilosa.