Mafuta ya Kukamulia

Mjukuu wangu Nabwile alisomea samaki. Majirani zangu hapa Kanduyi walicheka. "Mama Wamalwa, samaki anasomewa ama anakaangwa?" Nikawaambia wa kwenu kaangeni, wa kwangu mwacheni asomewe. Alipomaliza chuo alirudi akakaa nami, kazi hakuna. Yeye alisononeka, lakini mimi ile miaka ilikuwa mitamu. Ukiita jina la mtu jioni, mtu anaitika.

Halafu ikaja habari kutoka Kilifi. Kuna watu huko wanaohesabu samaki baharini, wanazama nao chini na kuwapiga picha, na Nabwile walikuwa wamemkubali. Ila kila mtu aje na kamera yake, ile ya kuingia majini. Asiye nayo angoje mwaka ujao, kama nafasi itakuwepo.

Kamera mpya iko Nairobi, na pesa alizoweka hazikufika hata nusu ya bei. Labda tuuze mahindi, na mahindi yenyewe hatujapanda. Iliyotumika ilikuwa Kitale, kwa mama mmoja anaitwa Rosaline Mwihaki. Hiyo aliiweza.

"Kukhu, ungekuwa wewe ungechukua gani?" aliniuliza mimi bibi yake.

"Mpya," nikasema upesi. "Kitu cha mtumba hujui kimekufa mara ngapi."

Maneno hayo ni ya kweli, yako sokoni kila siku. Lakini si hayo yaliyokuwa moyoni. Moyoni nilijua kwamba mpya ni kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, na wakati huo wote Nabwile yuko jikoni kwangu. Ya mtumba ni Jumatatu ijayo.

"Si twende tuione tu, Kukhu. Kuangalia hakulipiwi."

Asubuhi tukijitayarisha nilimtegea. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina kipofu wangu, haoni mpaka azame."

"Kamera! Ai, Kukhu, hicho umekitunga sasa hivi."

"Na vya zamani vilitungwa na nani, malaika?"

Rosaline anakaa nje kidogo ya mji wa Kitale, na ng'ombe wake wawili. Ni mjane kama mimi. Kamera ilikuwa ya mwanawe Gathogo, aliyekuwa akipiga picha za samaki ziwani kabla ya kwenda Australia.

"Siku hizi anatunza wazee huko," Rosaline alisema. "Ati anawaogesha, anawalisha, anawapeleka kuota jua. Wanampenda sana." Akaniongezea chai, na kikombe bado kilikuwa nusu.

Kamera aliitoa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Yenyewe ni ndogo. Kinachoizuia isilowe ni sanduku lake la plastiki ngumu, lenye mpira mweusi wa duara pale linapofungwa. Nabwile aliomba beseni la maji. Akatoa kamera, akaweka karatasi laini ndani ya sanduku tupu, akalifunga na kulizamisha. Sote watatu tukainama kama tunaogesha mtoto.

Mapovu yakatoka upande mmoja. Alipolifungua, karatasi ilikuwa imelowa chapachapa.

"Limepasuka mahali," alisema polepole, akimgeukia Rosaline. "Pole, Shosho. Kama linavuja kwa beseni, baharini si nitaua kamera siku ya kwanza?"

Rosaline hakubishana. "Basi, kunyweni chai kwanza. Msiende haraka."

Mimi nilisema asante Yesu, kimoyomoyo, huku nimeinamisha uso kama mtu anayesikitika. Nikachukua lile sanduku nilipanguse, ili mikono ipate kazi. Ndipo nikasikia harufu. Mimi nafuga ng'ombe. Harufu ile naamka nayo kila siku. Nikaugusa mpira. Ulikuwa unateleza, umefura, umekuwa mkubwa kuliko mfereji wake, mahali pengine umejikunja.

Nikaliweka sanduku chini. Nikanywa chai. Kunyamaza si kusema uongo, nikajiambia.

Nabwile alikuwa anaikamua ile karatasi mpaka ikawa donge. Akaona namtazama, akatabasamu. "Usijali, Kukhu. Tutapanda tu mahindi. Hata wewe ungebaki na nani?"

Alisema vizuri, bila uchungu. Afadhali angelia. Nikaweka kikombe chini.

"Mama Gathogo," nikasema, "huu mpira huwa unaupaka nini?"

"Mafuta ya kukamulia. Kila Jumapili nikitoka kanisani. Gathogo aliniambia mpira usiachwe ukauke, na mimi sina mafuta mengine mazuri. Yanalainisha chuchu za ng'ombe, yatashindwa na mpira?"

Nabwile alikwisha inuka. Akaung'oa mpira, akaunyoosha kwenye mwanga, akaanza kucheka. "Shosho, umeunenepesha! Mafuta ya aina hii yanafurisha mpira, una yake ya kupakwa. Sanduku ni zima! Mpira mwingine naagiza Mombasa, hata si ghali."

Rosaline alishika mdomo. "Kumbe nilikuwa naiharibu."

"Ulikuwa unaitunza," nikamwambia.

Aliifunga kamera kwa kile kitambaa cha kufuma, akakaa nayo mapajani. "Tangu Gathogo aniambie niuze, wakija watu nawapandishia bei ili waondoke."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mmekaa." Akapokea pesa, akamkabidhi Nabwile kamera, kisha akaenda nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa wamelia.

Mpira ulikuja kwa parseli. Tukazamisha sanduku kwenye karai langu, karatasi ikatoka kavu. Nabwile akanikumbatia akinizungusha, na Jumatatu akaenda.

Sasa ananitumia picha kwa simu. Samaki wa manjano, samaki wa milia, mmoja ana mdomo kama wa kasuku. Ninazipitia moja moja nimekaa mlangoni, nikimtafuta. Hayumo. Mwenye kushika kamera haonekani, najua, lakini natafuta hata kivuli, hata kidole kilichopita mbele kwa bahati mbaya.

Jana nilimwandikia: "Samaki wako wamenona. Wewe umekula?"

Bado hajajibu. Atakuwa yuko chini ya maji.