Mwanamkasi Hakujibu

Hebu nikutegee wewe unayesoma: wote wamekuja kwa ajili yake, wote wanamtaja, hakuna aliyeisikia sauti yake. Huna? Nipe mji. Umenipa Changamwe? Haya, Changamwe nimekwenda, nimekula mahamri, nimerudi. Ni mwari siku ya posa.

Zamani kitendawili hicho nilikiona kitamu. Sasa chanikwaruza koo.

Mjukuu wangu Nyevu nimemlea mimi hapa Port Reitz tangu wazazi wake wafariki. Alipokuwa kidato cha nne alinisomea riwaya moja kuukuu ya vita vya miji ya pwani, ile ile niliyoisoma mimi darasa la saba kabla sijaacha shule. Ndani yake mna binti wa jumbe, aitwaye Mwanamkasi. Mji umezingirwa, watu wanakufa njaa, na adui anasema: nipeni binti, niondoke. Jumbe anamwita bintiye mbele ya wazee na kumwuliza kama yu radhi. Kitabu chasema, "Mwanamkasi alinyamaza, na wazee wakafahamu kwamba ameridhia." Basi. Kurasa mia mbili za mikuki na mizinga, na mwanamke huyo hana hata neno moja.

Nami nilivyompenda! Nikamwambia Nyevu, "Umeona adabu hiyo? Huyo ni mtoto aliyelelewa."

Nyevu akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Hawe, bibi yangu, na kama alitaka kukataa, mwandishi angeliandika wapi?"

"Nenda kachote maji," nikamjibu.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, akaletewa barua ya kuingia chuo cha uuguzi. Wiki hiyo hiyo ikaja posa ya Kaviha, mwenye malori mawili pale Miritini. Ni mtu wa kanisa, mpole, amefiwa na mkewe, ila umri wake ni wa kumzaa Nyevu. Mwanangu Ngowa, ambaye ndiye amesimama mahali pa marehemu nduguye, alifurahi mno. Mimi nikamwuliza msichana, "Wamtaka?"

"Baba Ngowa ndiye ajuaye," akasema, macho chini.

Maneno hayo nilimfundisha mimi.

Wageni wakaja Jumamosi. Kwetu, enzi za mama zetu, waliokuja kuposa walileta kibuyu cha tembo la mnazi, na binti akaulizwa mara tatu kama kinywewe. Sisi tumeokoka, twatumia soda. Binti akisema fungueni, ndoa imekubaliwa.

Kreti ikawekwa katikati ya sebule. Nyevu akaletwa, akapiga magoti mkekani, leso kubwa kichwani, pindo zikigusa mkeka. Sisi wanawake tulijibana mlangoni mwa jikoni.

"Mwanangu," Ngowa akaanza, "wageni wameleta soda. Tuzifungue?"

Kimya. Ndege ikapita juu ikielekea uwanjani, mabati yakatetemeka, watu wote wakaingoja ipite.

"Tuzifungue, mama?"

Kimya.

"Bwana Ngowa, soda zapata moto!" akasema Mzee Menza, msemaji wa wageni. "Ama mwari wenu angoja barafu?"

Wakacheka. Kaviha hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Huyu amelelewa na mamangu," Ngowa akasema kwa kujivuna. "Amenyamaza, nasi tumefahamu." Akachukua kifungulio.

Nikauona mkono wa Nyevu. Ulikuwa waung'oa ukili wa mkeka, uzi kwa uzi, chini ya leso, mahali ambapo wanaume hawaoni.

"Ngowa, bado mara ya tatu."

"Mama, chapati zaungua huko."

"Ziungue. Weka hicho kifungulio chini."

"Ala!" Mzee Menza akaruka. "Kwenu wanawake ndio wasemaji?"

"Leo ndiyo, Mzee. Uniwie radhi."

Nikajikokota hadi mkekani na magoti yangu haya mabovu, nikakaa karibu na mjukuu wangu.

"Nyevu, yule Mwanamkasi nilikusifia bure. Haikuwa adabu ile. Msichana alikuwa aogopa, nami nikakufundisha uogope vizuri. Ukimtaka Kaviha, sema, nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Usipomtaka, sema. Atakayekasirika, na anikasirikie mimi."

Ngowa akajifuta uso kwa mkono wa shati. Nilidhani atanifukuza, lakini alimtazama msichana kwa muda mrefu, kama aliyeonyeshwa mtu mgeni nyumbani mwake.

"Mwanangu," akasema, na sauti imemshuka. "Soda hizi. Tuzifungue?"

Nyevu akaiteremsha leso mabegani.

"La, baba," akasema. "Zirudi na wenyewe."