Mchanga Uliofuliwa

Dobi wa mtaa ule alikuwa na imani moja na hakuificha: hakuna doa lisilo na dawa. Chai, kutu, mafuta ya gari, wino wa mhuri, rangi ya mdomo mahali ambapo haikustahili kufika, yote aliyaondoa, na hilo la mwisho aliliondoa bila kuuliza swali. Watu walimwita Kola, kwa sababu kola za mashati aliyoyapiga pasi zilisimama zenyewe hata shati likiwa limetundikwa msumarini. Kila nguo ilisuuzwa mara tatu. Vibanio vya kuanikia navyo alivifua, kila Jumapili, kimoja kimoja.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akitaka kumtania, humletea paka.

Paka alikuja na msiba. Mama mkwe wa Kola alipofariki, ndugu waligawana vyombo, na mke wa Kola, ambaye ni mkunga wa zahanati, hakugombea kabati wala redio. Alirudi na paka dume wa kijivu, mnene, umri wa miaka tisa, aliyekuwa akilala mto mmoja na marehemu. Jina lake Mwenyekiti, kwa kuwa hapakuwa na kiti nyumbani ambacho hakukikalia kabla ya mwenye nyumba. Pamoja naye zilikuja trei yake ya kujisaidia, mchanga wake wa zamani ndani ya ndoo, na kimkeka chake kilichojaa manyoya.

Wiki ya kwanza Mwenyekiti aliishi kistaarabu. Trei iliwekwa pembeni ya chumba cha kufulia, akawa anaingia, anafukua, anafukia, anatoka na heshima zake. Kola alikuwa na majoho kumi na manane ya kwaya wiki hiyo, hakuwa na nafasi ya kuangalia mambo ya trei. Wiki ya pili akapata nafasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alijitafutia kazi mwenyewe, na kazi yenyewe ikawa kukojolea nguo za wateja.

Alianza na suruali ya mwalimu mkuu. Kola hakujua, akaipiga pasi juu kwa juu, akaikunja, mwenyewe akaja kuichukua. Kesho yake mwalimu mkuu alikaa nayo kwenye kikao cha walimu, joto la kiti likaiamsha ile harufu, na walimu wakawa wanainuka mmoja mmoja kufungua madirisha. Alirudi jioni, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole ambao Kola hakuusahau, "Fundi, umebadilisha sabuni?"

Baada ya hapo zikafuata shuka za nyumba ya wageni, kisha koti la kinyozi, kisha kapu zima la nguo safi ambalo lilikuwa halijapoa pasi. Kola alipekua nyumba nzima kutafuta adui kabla ya kukubali kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwake yeye msemo huo ulikuwa umekaa mahali pake hasa.

Alipigana na adui huyo kwa silaha aliyokuwa nayo. Trei aliisugua asubuhi na jioni kwa dawa ya kung'arisha, kipimo mara mbili, akaisuuza kwa maji ya manukato yale wanayotia kwenye mashuka ya maharusi, akaianika juani mpaka ikang'aa. Kimkeka kilifuliwa, kikachemshwa, kikafuliwa tena. Na siku moja, baada ya kuitazama ile ndoo kwa muda mrefu, akaufua mchanga. Ndiyo, mchanga. Aliumwaga kwenye karai, akatia sabuni, akaukoroga, akausuuza mara tatu kama ilivyo desturi yake, akauanika juu ya shuka kuukuu na kuulinda dhidi ya kuku wa jirani. Ulitoka mweupe, laini, unanukia maua.

Mwenyekiti alikuja kuukagua. Alinusa mara moja, akatikisa mguu wa mbele, akageuka, akaenda kukojoa kwenye tenga la vibanio.

Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Kwake mkojo haukuwa habari. Zamu moja tu huweza kukojolewa na watoto wachanga watatu na asibadilishe hata aproni. Lakini Kola hakucheka. Jina lake lilikuwa limeanza kuchafuka mtaani, na hilo ndilo doa pekee asilokuwa na dawa yake. Jumatatu alitangaza mezani kwamba amezungumza na Mwenye Mashine, yule wa kinu cha kusaga nafaka, ambaye panya wamemshinda. Jumamosi saa nne asubuhi atakuja na boksi kumchukua Mwenyekiti.

Mkewe aliweka kijiko chini.

"Sawa," akasema.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Kola alikuwa anafikiria vibanio, hakusikia mshindo wowote. Jambo moja tu mkewe aliomba: paka apimwe kwanza, kwa sababu paka dume akizibika njia ya mkojo hafi kwa mchezo, hufa ndani ya siku mbili tatu, na hataki mtu apewe mgonjwa akidhani amepewa mkorofi. Kola hakuweza kulikataa hilo.

Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi kuchukua koti lake jeupe. Alizoea zaidi ng'ombe, kwa hiyo alimbana Mwenyekiti tumbo kwa mikono mikubwa, akauliza kama anajikamua, kama analia akikojoa, kama mkojo una damu. Hapana, hapana na hapana. Anakojoa kwa raha zake, tena mwingi. Basi huyu ni mzima, akasema daktari, tuone choo chake. Aliinama juu ya trei, akavuta pumzi, akapiga chafya nne mfululizo.

Kola alimweleza kwa fahari jinsi anavyoisafisha, kipimo kwa kipimo.

"Na mchanga huu?" daktari aliuliza, machozi yakimtoka.

"Naufua."

Daktari alivuta kigoda, akakaa.

"Paka husoma kwa pua, fundi," alisema mwishowe. "Kila akija chooni kwake anakuta jina lake limefutwa. Na hiyo dawa yako inamchoma pua. Sasa anajiandika upya popote anapoona panafaa."

Dawa aliyoiacha ilikuwa hivi. Mabonge yatolewe kila siku kwa kijiko, mchanga uwe wa kawaida, trei ioshwe mara chache kwa maji ya uvuguvugu peke yake. Zile nguo na pembe alizokwisha kuzikojolea ndizo zipigwe siki na maji, paka asizikumbuke tena. Kwa kifupi, fundi aache kufua. Kola alipewa dawa nyingi maishani, chungu na chungu zaidi, lakini hakuwahi kuandikiwa hiyo.

"Daktari, mwambie tena," mkunga alisema kutoka mlangoni. "Mwambie polepole."

Daktari alichukua koti lake akaondoka, maana alimjua mwanamke aliyejaa hasira anafananaje. Kola alibaki ameshika kijiko. Alisema, kwa kunung'unika, kwamba haoni kosa la mtu kupenda usafi.

"Unaikumbuka shali ya mama?" mkewe aliuliza.

Aliikumbuka vizuri sana. Ilikuwa kazi mojawapo aliyojivunia. Siku ya tatu baada ya mazishi aliiona imetupwa juu ya kitanda, ya sufu, ina mafuta ya nywele shingoni na alama ya dawa ya kikohozi kifuani. Hakumwambia mtu. Aliifua kwa mkono, maji ya vuguvugu, akaikausha kivulini, akaikunja na kumwekea mkewe juu ya mto. Mkewe alipoiona alilia sana. Kola alikuwa ameisimulia habari hiyo kwa wateja wawili watatu, jinsi mke wake alivyolia kwa shukrani.

"Ulilia," alisema.

"Nililia kwa sababu ilikuwa inanukia sabuni."

Hakupaza sauti. Alisema kwamba aliingia chumbani ili ainuse shali, hilo tu, akakuta mama yake ameshasuuzwa mara tatu. Akasema hakumlaumu kwa sababu alijua amefanya kwa wema, na mtu aliyekutendea wema utamfokeaje? Kisha akavaa viatu akaenda zamu yake ya mchana, akamwacha Kola na paka wakitazamana.

Kola aliona haya. Aliona haya mpaka masikioni, peke yake, katikati ya mashati ya watu. Siku hiyo aliunguza kola mbili.

Ijumaa akajikaza kisabuni. Alimwaga ule mchanga wa maua, akaleta mwingine kutoka kwa mafundi wa ujenzi, mchafu wa kawaida, na trei akaisuuza kwa maji matupu. Kisha hakuigusa. Mikono ilimwasha. Mara mbili alijikuta amesimama na brashi bila kujua imefikaje mkononi. Jioni mchanga ulikuwa bado umelala kama ulivyomwagwa, na mwalimu mkuu wa watu alikuwa amepoteza soksi moja kwa mambo yaleyale.

Jumamosi saa mbili, bado. Mwenyekiti alizunguka trei, akanusa, akalia kidogo, akaondoka. Kola alielewa. Mahali pale hapakuwa na harufu mbaya tena, lakini hapakuwa na harufu yake pia. Trei, kimkeka, mchanga wa zamani, hakuna kilichobaki na alama ya nyumba ile ya kwanza, na aliyevimaliza vyote alikuwa yeye. Kwa saa mbili zilizobaki kabla ya boksi, dobi hodari kuliko wote alikuwa anatafuta nyumba nzima kitu kichafu, asikione.

Mkewe alikuwa chumbani anamchana Mwenyekiti mgongoni kwa brashi, namna ya kumwandaa mtu kwa safari. Macho yake yalikuwa mekundu. Kola alisimama mlangoni.

"Mke wangu, kuna kitu chochote cha mama ambacho sijakifua?"

Mkewe aliweka brashi chini. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku, akatoa makoti, akatoa vitabu vyake vya ukunga, akafika chini kabisa, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani yake mlikuwa na foronya. Ilikuwa ya mauamaua yaliyopauka, katikati ina duara la mafuta ya nywele, na pembeni, palipokuwa mahali pa Mwenyekiti, ina manyoya ya miaka tisa. Miezi mitatu alikuwa ameificha ndani ya nyumba ya dobi, chini ya pua yake.

"Nikikupa, mikono yako itaiacha?"

"Itaiacha."

Aliipokea kwa vidole viwili. Jicho lake, bila kuombwa, lilishaona madoa manne na dawa ya kila moja. Akaipeleka chumba cha kufulia, akaitandika sakafuni hatua chache kutoka kwenye trei, akarudi nyuma, akaificha mikono mgongoni.

Hodi ikapigwa. Mwenye Mashine alikuwa mlangoni na boksi lake, amelitoboa matundu ya hewa kwa uangalifu. Kola alimnyamazisha kwa kidole. Wakasimama watu watatu wazima, wakimwangalia paka.

Mwenyekiti aliikuta foronya. Aliinusa kutoka ncha hadi ncha, akaipapasa kwa miguu ya mbele, akasugua shavu pale mahali pake, upande huu na upande ule, akakoroma kwa sauti ambayo nyumba hiyo ilikuwa haijaisikia. Mkunga aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha paka akainuka, akaenda kwenye trei taratibu, akafukua shimo, akachuchumaa, na akawaangalia wote kwa macho ya mtu anayestahili faragha. Walitazama pembeni. Walisikia tu mchanga ukifukiwa.

"Mbona anajua?" Mwenye Mashine aliuliza, kwa kuwa aliambiwa hajui.

Kola alimwambia samahani sana, mpango umebadilika, na kwa usumbufu atamfulia mapazia ya kinuni bure. Mwenye Mashine alikubali. Boksi lakini aliliacha, kwa sababu alipogeuka kulichukua Mwenyekiti alikuwa ameshalikalia.

Jioni mkunga alirudi chumbani kulifungua sanduku. Alikuta mfuko uko palepale, chini ya vitabu, umefungwa mafundo mawili, na akaingiwa na hofu, kwa kuwa alimjua mumewe. Akaufungua haraka, akainusa foronya. Mama yake alikuwamo, na paka juu yake.

Pembeni palikuwa pamebanwa lebo kwa pini, zile lebo za nguo za wateja ambazo juu yake Kola huandika kila kitu kwa mwandiko wa kunyooka. Mwenye nguo: Mama. Madoa: manne. Na mahali pa kuandika dawa, ameandika: Isifuliwe.