Neno Refu la Mama Ayuma

Saa tano asubuhi Roda alikuwa amepanda kutoka mtoni mara ishirini na nane, debe la maji kichwani, na miche bado ilikuwa na kiu. Pampu ya kitalu iliharibika mwezi wa kwanza. Ofisi ikasema nyingine iko njiani, na huu ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa pili wa Uhuru. Wanawake kumi na mmoja wakawa ndio pampu.

Roda hakuwa mtu wa kununa. Aliipenda miche yake, na kila Jumamosi mchana alisoma Kiingereza na akina mama wenzake kanisani kwa mwalimu Mildred, akapambana na chaki mpaka herufi zikamtii. Lakini leo debe lilimponyoka njiani. Akaenda kwa karani Cornelius kuomba apumzike mpaka kesho.

Desturi ilikuwa hivi: unasema shida yako, karani anaiandika kwa Kiingereza kwenye buku, unatia kidole gumba, unakwenda zako. Cornelius hakumnyima mtu ruhusa, na wote walimwona mwema. Ila mwenzao Nabwire, baada ya kutia kidole mara tatu, alipewa barua ya kufukuzwa, na hakujua kosa lake mpaka leo. Roda alikuwa ametia mara mbili, kabla hajajua kusoma.

"Nini tena, Mama Ayuma?"

"Nimechoka, Bwana karani. Miguu imekataa."

"Pole sana." Akaandika. "Tia kidole hapa, uende ukalale."

Roda akainama. Mbele ya jina lake palikuwa na neno 'lazy'. Akafunua kurasa za nyuma. Nabwire: 'lazy', mara tatu. Yeye mwenyewe: mara mbili. Neno hilo Mildred aliwafundisha mapema kabisa. Mvivu. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Hapa umeandika mimi ni mvivu."

"Nani amekwambia?"

"Nimesoma. Sisi tunakwambianga tumechoka, na wewe unaandikanga uvivu?"

"Nafasi ni ndogo, mama. Wakubwa wanatakanga neno fupi. Ungekuwa na homa, ningeandika homa. Kuchoka si ugonjwa."

Roda akamnyang'anya kalamu. Mildred alikuwa amewaeleza vizuri: 'tired' ni ya mtu anayelala akaamka mzima, 'exhausted' ni ya mtu aliyejimimina mpaka tone la mwisho, nayo haitumiwi ovyo kwa kila anayetoka sokoni. Akalikata neno la karani kwa mstari mmoja, akaandika lake polepole, herufi kwa herufi. Likawa refu, likaingia mpaka kwenye nafasi ya kidole.

"Umeharibu buku la serikali!" Cornelius alisimama. "Kurasa zimehesabiwa, siwezi kuchana! Barua yako naandika leo leo."

"Andika, Bwana karani. Hiyo nitajisomea mwenyewe."

Akamrudishia kalamu, akageuka, mwepesi moyoni kuliko alivyokuja, ingawa kazi aliiona inaondoka. Mlangoni alimkuta Navalayo, aliyekuwa anafuata kutia kidole, debe lake tupu mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama Ayuma, usiende kwanza," Navalayo alisema. "Niandikie na mimi hilo neno lako refu."

Nyuma yake wengine walikuwa wakitua madebe. Roda akacheka, akarudi mezani, akamnyoshea Cornelius mkono ampe kalamu.